Ni kweli mtoto wa kiume akifika miaka saba ni wa baba?

Shikamoo shangazi,

Safu yako naisoma kila wiki, leo nimeona na mimi niandike maana kichwa kimejaa. Nina miaka 31, naishi Morogoro mjini, nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minane, yuko darasa la pili. Wa pili ni wa kike, ana miaka minne.

Baba yao tulianza kuishi pamoja mwaka 2015. Alileta barua nyumbani, akatoa nusu ya mahari, iliyobaki akasema atamalizia. Ndoa hatukufunga, si kanisani wala bomani, lakini mtaa mzima ulitujua kuwa ni mume na mke, na kwao nilikuwa nakwenda kwenye misiba na harusi kama mkwe. Ni dereva wa lori, ameajiriwa, mshahara unapitia benki na posho za safari anapata. Mwaka jana alihamia Dodoma kwa mwanamke mwingine, na sasa wana mtoto mchanga.

Mwanzoni alikuwa anatuma hela akijisikia. Mara elfu thelathini, mara elfu hamsini, mwezi mwingine kimya. Nikaona niwe mkali, nikamwambia kama hatoi matumizi basi watoto hawaoni. Ni miezi minne sasa, yeye hajatuma hata mia na mimi sijamruhusu kuja. Nauza chakula karibu na stendi. Siku nzuri nabaki na elfu kumi mkononi, mvua ikinyesha siku imekufa.

Sasa mama yake amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tukaitwa. Mwenyekiti akasema kisheria mtoto wa kiume akishatimiza miaka saba ni wa baba, kwa hiyo nimwachie aende Dodoma, mimi nibaki na huyu wa kike. Baba mtu naye akadakia kwenye simu kwamba huyo wa kike hana uhakika naye, nikapime DNA kwa hela yangu, na kwamba hawezi kutunza watoto wasiokaa kwake. Wakati jina lake liko kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili!

Mawifi wananiambia nikimpeleka mahakamani atafungwa na kazi atafukuzwa, tukose wote. Majirani wanasema sina ndoa kwa hiyo sina haki. Kuna na kiwanja tulinunua Kihonda, kiko kwa jina lake, tumeshapandisha msingi, na hela nyingine zilitoka kwenye biashara yangu.

Nisaidie shangazi. Mtoto wangu atachukuliwa kweli? Matumizi kisheria ni shilingi ngapi? Nianzie wapi? Na siku nikiolewa na mtu mwingine nitanyang'anywa watoto? Mwanangu mkubwa anasikia haya maneno, kila siku ananiuliza kama atahamishwa shule.

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na huyo mwenyekiti, kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyokunyima usingizi, na nimeyasikia kwa akina mama wengi mno katika miaka yangu ya kukaa kwenye meza ya msaada wa kisheria. Si kweli. Hakuna sheria Tanzania Bara inayosema mtoto akitimiza miaka saba anahamia kwa baba yake.

Kilichopo ni hiki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama ianze kwa kuamini kwamba ni vizuri zaidi akae na mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo. Imani hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kama mama anamtesa mtoto au anamtelekeza. Basi. Miaka saba inaishia hapo. Akishaivuka, sheria haisemi "sasa mpeni baba". Inachosema ni kwamba kuanzia hapo mahakama haina pa kuegemea mapema, inapima kila kitu upya na kuuliza mtoto huyu atakuwa salama na atakua vizuri kwa nani. Watu wamechukua nusu ya kifungu wakaigeuza mila, halafu wakairudisha mitaani kwa jina la sheria.

Tena katika vifungu hivyo hivyo vya miaka saba, sheria zote mbili zinaitahadharisha mahakama kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Mwanao amezaliwa Morogoro, anasoma Morogoro, ana mdogo wake hapo. Sheria ya Mtoto inataka pia ndugu wasitenganishwe inapowezekana, na maoni ya mtoto yasikilizwe akiyatoa kwa hiari yake. Mpango wa kugawana watoto, wa kiume kwa baba na wa kike kwa mama, unapingana na mambo hayo yote. Mila nazo mahakama inazitazama, sikufichi, Sheria ya Ndoa imezitaja. Lakini imezitaja chini ya ustawi wa mtoto, na ustawi wa mtoto ndio unaotangulia.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha mkikubaliana. Hana mamlaka ya kumpa mtu mtoto. Hata Baraza la Kata halina. Karatasi yoyote yenye muhuri wa ofisi ya mtaa inayosema mtoto aende kwa fulani si amri ya mahakama, na usisaini karatasi ya namna hiyo kwa kuogopa wazee waliokaa kwenye benchi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Kumzuia baba asiwaone watoto mpaka atoe hela, acha. Acha wiki hii. Najua kwa nini ulifanya. Ulikuwa huna kingine cha kumbana nacho. Ila kumuona baba si zawadi unayompa yeye. Sheria ya Mtoto imeandika kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla hamjatengana, na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, ilimradi shule yake isivurugike. Haki zote mbili ni za mtoto. Baba akikata hela anamdhulumu mtoto, na wewe ukimkatalia kumuona baba yake unamdhulumu mtoto huyo huyo, kwa upande wa pili. Mkifika mbele ya hakimu, mwenzako atayataja hayo kwanza, na miezi minne ya kutowaona watoto itageuka kuwa utetezi wake.

Kwa hiyo mtumie ujumbe wa maandishi, wa adabu, usio na tusi wala mafumbo. Mwambie anaweza kuja kuwaona Jumamosi saa fulani, mahali fulani panapojulikana, na kwamba suala la matunzo unalipeleka ofisi ya ustawi wa jamii. Hifadhi ujumbe huo. Kama angekuwa mtu wa kukupiga au wa kuwadhuru watoto ningekujibu tofauti kabisa, lakini hujaandika hivyo.

Na yeye naye anadanganywa, au anajidanganya, anaposema hawezi kutunza watoto wasiokaa kwake. Sheria ya Ndoa imemjibu miaka mingi: ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine yeyote. Sheria ya Mtoto ikaja kupanua, ikaweka wajibu kwa wazazi wote wawili, kwa maana kwamba na wewe unachangia. Tayari unachangia, na si kwa fedha za kibanda chako tu. Kuamka alfajiri, kufua, kukaa na mtoto mwenye homa usiku, hiyo ni sehemu yako na usione aibu kuitaja.

Kuhusu ndoa, majirani wasikutishe. Matunzo ya mtoto hayaulizi kama wazazi walifunga ndoa. Zamani palikuwa na sheria ya peke yake kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na kiwango cha juu ambacho mahakama ingeweza kumwamuru baba alipe kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiasi hicho kilibaki kwenye vitabu hadi wakati ambapo hakikununua hata andazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyoifuta. Leo mtoto ni mtoto.

Shilingi ngapi? Sheria haikupanga kiasi, na mtu akikutajia asilimia fulani ya mshahara, amejitungia. Mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna jambo linalompunguzia mzazi uwezo wa kupata kipato, watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Huyo mtoto mchanga wa Dodoma atahesabiwa, na ni haki yake ahesabiwe, hajamkosea mtu. Lakini kuwa na mtoto mwingine hakufuti wawili wa kwanza.

Maana yake kazi ya kutengeneza hesabu ni yako, na hapa ndipo kesi nyingi za akina mama zinapolegea. Mama anasimama mbele ya hakimu anasema "anipe laki tatu". Hakimu anauliza za nini, mama anaanza kulia. Nunua daftari leo. Andika kodi ya nyumba, kisha uone sehemu ya watoto ni ipi. Kama mpo watatu chumbani, theluthi mbili ni yao. Andika unga, mchele, mafuta, mboga, maziwa ya mdogo, sabuni, mkaa au gesi. Shule ya serikali haina ada, lakini ina sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, masomo ya ziada kama yapo. Andika dawa na hospitali. Tunza risiti zinazopatikana. Za gengeni hazipatikani, kwa hizo andika bei na tarehe. Tuseme jumla imekuja 240,000 kwa mwezi kwa watoto wote wawili. Huenda baba asiamriwe kulipa yote, ila mahakama itakuwa na namba ya kuanzia yenye maelezo, naye akitaka kuipinga ataje unga anaununua wapi kwa bei ndogo zaidi. Kama mwajiri wake anamkatia bima ya afya, omba watoto waandikishwe humo. Hilo halimwongezei mzigo mkubwa, na kwako linaondoa hofu kubwa.

Kwa sababu mshahara wake unapitia benki, wewe una nafuu ambayo mke wa mvuvi au mke wa machinga hana. Mahakama inaweza kuagiza fedha za matunzo zikatwe kwenye mshahara. Usiombe kwa mkupuo, omba kila mwezi, iingie kwenye simu au akaunti yako ili kila muamala uwe na kumbukumbu. Amri hiyo huenda hadi mtoto atimize miaka 18, au aanze kujitegemea kwa kipato kabla ya hapo. Akiwa bado masomoni mahakama inaweza kuiendeleza. Na hali ikibadilika, kazi ikiisha au bei zikipanda, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba irekebishwe.

Nalisema hili kwa ajili ya mawifi zako pia. Ombi la matunzo ni shauri la madai. Hulipeleki ili afungwe, na humfungulii kesi ya jinai. Mwajiri anapopokea agizo la makato hapati sababu ya kumfukuza dereva wake. Mtu akikatwa mshahara kwa ajili ya watoto anaendelea kuendesha lori kama kawaida.

Hiyo ya DNA inauma, naelewa, na nadhani aliisema ili uumie. Usikimbilie maabara kwa hasira. Kipimo hicho hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwenye njia zinazotambulika kisheria kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Mtu hajiendei tu mwenyewe na mtoto mgongoni. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa ni ushahidi. Kumkiri mtoto hadharani ni ushahidi. Kama kweli ana shaka, aiombe mahakama iagize kipimo, na wewe useme uko tayari. Anayekataa kupimwa, kukataa kwake kunahesabiwa dhidi yake. Ila mweleze dada yako au mama yako awe karibu nawe siku hizo, maana hata mwanamke asiye na wasiwasi wowote hulia akiulizwa swali hilo mbele ya watu.

Njia yenyewe sasa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kama kata yako ina afisa ustawi, anza naye. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, lile daftari, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha alichotuma na alipoacha. Afisa atamwita mwenzako. Wanaume wengi wenye ajira wanakubaliana pale pale ustawi, na mkikubaliana yaandikwe yote: kiasi, tarehe, njia ya kutuma, nani analipia sare na matibabu, watoto wanakaa kwa nani, baba anawaona lini, likizo inakuwaje. Makubaliano ya mdomo ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Asipokuja, au akija akasaini halafu akaacha, unakwenda Mahakama ya Watoto. Dar es Salaam iko Kisutu. Mikoani kwingi hukaa kwenye majengo ya mahakama za kawaida, kwa hiyo ulizia mapokezi ya mahakama au umwulize afisa ustawi. Shauri husikilizwa faragha, watu wa mtaani hawaingii. Wakili si lazima. Ukihitaji mtu wa kukuandikia maombi na huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewekwa kwa watu kama wewe. Wapo wasaidizi wa kisheria kwenye wilaya, wapo mawakili wa TAWLA, yaani chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mwaka 2023 ilizinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ya kuzunguka mikoani. Anayekuomba hela ili "akupitishie faili" huyo mkimbie.

Ukiandika maombi, usiombe matunzo peke yake. Omba na amri ya uangalizi, yaani watoto wakae nawe, pamoja na ratiba ya baba kuwatembelea. Nakuambia hivi kwa sababu ya bibi yao. Leo hii hakuna amri yoyote, na bila amri mtoto akichukuliwa shuleni akapelekwa Dodoma, utakwenda polisi utaambiwa ni mambo ya kifamilia, mkamalizane nyumbani. Ukiwa na amri mkononi mambo yanabadilika, maana kumwondoa mtoto kwa mtu aliyepewa uangalizi wake kihalali kumekatazwa na Sheria ya Mtoto. Kabla amri haijapatikana, mwone mwalimu mkuu, umpe barua inayotaja nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, nakala upeleke kwa afisa ustawi. Wakikuwahi wakamchukua, usiwafuate kwenda kupigana. Nenda ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, kisha uombe mahakama itoe amri ya haraka.

Kiwanja cha Kihonda ni shauri jingine, lisichanganywe na la watoto. Sheria ya Ndoa inatambua kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, wanachukuliwa kuwa walioana, isipokuwa mtu athibitishe vinginevyo. Barua, nusu ya mahari, misiba ya ukweni, yote hayo yanakusaidia. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango wa mke kwenye mali. Wewe una zaidi ya hapo, uliweka na fedha. Tafuta jina la fundi wa msingi, risiti za saruji, na nani alikuwepo mlipolipia kiwanja. Hayo mpe msaidizi wa kisheria mara tu shauri la watoto likishaandikishwa, usingoje akiuze.

Kuolewa tena hakumnyang'anyi mama watoto. Hakuna kifungu kinachosema hivyo, na mume mpya hamwondolei baba wajibu wa kutuma matunzo. Mahakama ikiombwa kubadilisha uangalizi itaangalia watoto wanaishije kwenye nyumba hiyo mpya. Basi mchague mtu ambaye na wanao watalala salama akiwepo.

Mwanao mkubwa mjibu leo, kwa maneno machache. Mwambie hahami shule, na kwamba watu wazima wanalishughulikia. Usimfundishe cha kusema kuhusu baba yake, hata neno moja. Afisa ustawi atazungumza naye akiwa peke yake, huenda na hakimu, na watu hao wanamtambua haraka mtoto aliyekaririshwa. Akisema anampenda baba yake, mwache aseme.